Barua ya wazi: Msitupatie dawa ya utumbo bila kutupima figo

Kwa Waziri wa Afya, kwa Mganga Mkuu wa Serikali, kwa mamlaka inayosimamia dawa, kwa wasimamizi wa bima ya afya, na kwa waganga wafawidhi wa hospitali zote zenye kliniki ya magonjwa ya tumbo.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, nina miaka 41, mume na watoto wawili. Kila mwaka nawachorea wanafunzi wa Kidato cha Tatu nefroni ubaoni, kile kipande kidogo cha figo kinachosafisha damu: kichujio juu, mrija unaojipinda, unashuka, unapanda tena, na mishipa ya damu iliyouzunguka. Nimeichora kwa miaka kumi na sita. Katika minne kati ya hiyo, figo zangu mwenyewe zilikuwa zinaharibika na hapakuwa na mtu aliyejua, kwa sababu hapakuwa na aliyezipima.

Nawaandikia kuhusu dawa iitwayo mesalazini, ambayo wengi wetu tunaougua vidonda vya utumbo mpana tunaimeza kila siku kwa miaka. Ombi langu nalisema mapema ili msomaji mwenye haraka asilikose: asiwepo mgonjwa atakayeanzishiwa dawa hii, wala kuongezewa boksi jingine, bila jibu la kreatinini kuwa mkononi, yaani kipimo cha damu cha taka ambazo figo hupaswa kuzitoa; namba ikipanda, figo zinashindwa. Apimwe kabla ya kuanza, baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. Na liwe agizo la maandishi, lisiachwe kwa kumbukumbu ya daktari mmoja mmoja.

Nilianza kuugua mwaka 2017. Nilikuwa naharisha damu, nakimbilia chooni hata mara kumi kwa siku, na darasani nilijifunza kusimama karibu na mlango. Nilitibiwa amiba mara nne na taifodi mara mbili. Nikimwambia mtu nina vidonda vya utumbo, anasikia vidonda vya tumbo, ananiletea juisi ya kabichi na ushauri wa kuacha pilipili. Mama yangu mzazi alihangaika nami hadi kwa waganga wa mitishamba, na simlaumu, kwani alikuwa ananiona nakwisha.

Mwaka 2019 nilipigwa kamera ya utumbo Dar es Salaam, wakachukua kinyama cha kupima, na jibu likaja. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia utumbo wa mwenyewe. Daktari alikaa nami karibu nusu saa akinieleza. Alisema zamani madaktari waliuona kama ugonjwa wa Wazungu, lakini kadiri kamera zinavyoongezeka hospitalini ndivyo unavyoonekana kwetu pia. Februari 2020 nikaanzishiwa mesalazini ya miligramu 400, vidonge sita kwa siku.

Naomba hili lieleweke vizuri kabla sijaendelea: dawa ile ilinisaidia. Mwezi wa pili wa kuitumia, damu ilikata. Nilirudi kufundisha vipindi vyote, nikaenda harusini kwa mdogo wangu Ifakara bila kuuliza kwanza choo kiko wapi. Mtu asiyewahi kuishi kwa kuhesabu hatua za kufika chooni hawezi kujua furaha hiyo. Kwa hiyo mgonjwa mwenzangu unayesoma barua hii, usiende kuvitupa vidonge vyako leo. Ukiviacha ghafla bila daktari, utumbo unaweza kuamka vibaya sana. Nenda ukapimwe figo, kisha uzungumze na daktari wako jibu likiwa mezani.

Kliniki ilikuwa kila miezi mitatu. Napanda basi la alfajiri stendi ya Msamvu, nafika, napanga foleni, napimwa uzito, napimwa presha, naingia kwa daktari. Tumbo linaendeleaje? Choo kina damu? Unapata maumivu? Basi, endelea na dawa. Ninalo daftari la kliniki, lile la kurasa 48 la wanafunzi, na nimelipitia mstari kwa mstari. Kuanzia Februari 2020 hadi Julai 2024 nimehudhuria mara 17. Uzito umeandikwa mara 17. Presha mara 17. Maneno "aendelee na dawa" mara 17. Figo hazijatajwa hata mara moja.

Sitaji jina la hospitali wala la daktari. Walionihudumia walikuwa watu wema, wengine waliacha chakula chao cha mchana ili kumaliza foleni. Ndiyo maana siwaandikii wao. Nawaandikia nyinyi mnaotoa miongozo, kwa sababu wema wao haukutosha kunilinda.

Dalili zilikuwepo, ila zilikuwa za kimya. Nilikuwa naamka usiku kukojoa mara tatu, nikadhani ni chai ya jioni. Nilichoka hadi nikawa nasahihisha madaftari nimelala. Presha ilipanda kidogo. Damu ilipungua mwilini, nikaambiwa ni kwa sababu ya ugonjwa wa utumbo, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Sikuvimba miguu. Mkojo haukuwa na povu wala rangi ya ajabu. Leo najua sababu. Madhara ya mesalazini mara nyingi hayaanzii kwenye vichujio vyenyewe. Yanashambulia nyama iliyo katikati ya mirija, mahali ambapo mwili unarudisha maji na chumvi kwenye damu. Vichujio vinaweza kuendelea kuzuia protini vizuri, kwa hiyo povu halionekani, huku mirija inakufa pembeni yake. Kukojoa sana usiku kulikuwa ni mirija iliyoshindwa kurudisha maji. Mwalimu wa nefroni sikulitambua hilo mwilini mwangu, na limeniuma sana.

Julai 2024 nilipata maumivu makali ubavu wa kushoto, daktari akaagiza CT-skani ya tumbo. Nilipofika chumba cha picha, kijana wa pale aliitazama fomu yangu akaniuliza:

"Madam, jibu la kreatinini liko wapi?"

"Sijapimwa. Nimeambiwa nije tu nipigwe picha."

"Pole, hatuchomi dawa ya CT bila kreatinini. Ni utaratibu wetu. Teremka maabara kwanza."

Nilikasirika. Nilikuwa na njaa, mawazo yangu yalikuwa kwenye basi la kurudi Morogoro, na nilimwona kijana yule kama mkaidi. Baada ya saa mbili majibu yalitoka: kreatinini 212. Faili langu lilipofunuliwa hadi nyuma kabisa, kikapatikana kipimo kimoja cha mwaka 2019, nilichofanyiwa wakati wa maandalizi ya kamera: 71. Kati ya 71 na 212 kuna miaka mitano, na ndani yake hakuna namba nyingine yoyote.

Kijana yule hakunijua. Hakuwa daktari wa figo wala wa tumbo. Alikuwa na kanuni iliyobandikwa ukutani, akaifuata. Nimefikiri sana juu yake tangu siku ile. Mara 17, watu waliovaa koti jeupe na kunitakia heri hawakuliona lile aliloliona mtu mmoja aliyekataa kunihudumia mpaka namba fulani iandikwe kwenye kisanduku fulani. Barua hii yote inatoka kwenye jambo hilo.

Waliniingiza wodini, wakachukua kinyama cha figo. Jibu lilisema chembe za kinga zimejazana katikati ya mirija, na tayari kuna makovu. Uvimbe unaweza kushuka. Kovu halirudi kuwa figo. Mesalazini ilisimamishwa siku hiyohiyo, nikapewa predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa wiki kadhaa, uso ukajaa, usingizi ukapotea. Kreatinini ilishuka hadi 148 na hapo imeganda. Kwa hesabu ya uwezo wa kuchuja, ambayo kwa mtu mzima wa umri wangu hutarajiwa kuwa 90 au zaidi, mimi nilifikia 25 na sasa niko 39. Daktari wa figo aliniambia nimebahatika. Namwamini. Kwenye benchi la nje ya chumba chake nimekaa na watu wanaosafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na najua bahati anayoisema ni ipi.

Sasa naomba niwaeleze, kwa kuwa barua hii itasomwa na watu wasio madaktari pia, kwamba jambo hili si jipya wala si la kubahatisha.

Dawa ya zamani ya ugonjwa huu ni sulfasalazini, ambayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni molekuli yenye pande mbili zilizofungwa pamoja: upande mmoja ni sulfa, upande wa pili ni asidi ya aminosalisiliki. Mwaka 1977 huko Oxford, Azad Khan, daktari kutoka Bangladesh, pamoja na wenzake walionyesha kwamba kinachotibu utumbo ni ule upande wa pili, na sulfa ni mbebaji tu. Kwa kuwa kichefuchefu, kuumwa kichwa na madhara mengi mengine yalitoka kwenye sulfa, viwanda vikatengeneza dawa yenye upande unaotibu peke yake. Hiyo ndiyo mesalazini. Ilipokelewa kwa furaha, na kwa haki. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 majarida ya tiba yalishaanza kuchapisha habari za wagonjwa ambao figo zao ziliharibika wakiwa wanaitumia. Tunazungumzia jambo ambalo linajulikana tangu nikiwa mtoto wa chekechea.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na kundi la Exeter, Uingereza, walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wa magonjwa ya utumbo ambao figo zao ziliumizwa na dawa za jamii hii. Nusu yao walikuwa wameshatumia dawa kwa miaka mitatu au zaidi kabla ya tatizo kuonekana. Baada ya dawa kusimamishwa, waliopona kabisa walikuwa asilimia 30 tu. Watu 15 kati ya hao 151 waliishia kwenye kusafishwa damu au kupandikizwa figo moja kwa moja. Walichunguza pia vinasaba, wakaona uhusiano na eneo la kinga ya mwili, lile lile linaloamua mwili uvumilie nini na ukatae nini. Maana yake ni kwamba huwezi kumtazama mgonjwa ukajua ni yupi atakayeumia. Haitokani na kumeza kupita kiasi. Mimi sikuzidisha kidonge hata kimoja.

Mtaniambia ni wachache. Ni kweli, ni takribani mgonjwa mmoja katika mamia kadhaa kwa mwaka. Wengi watameza mesalazini maisha yao yote na figo zao zitabaki salama. Nami sitaki mtu aogopeshwe. Lakini mmoja katika mamia kadhaa kila mwaka, kwa dawa inayomezwa miaka kumi au ishirini, ni hatari inayojilimbikiza, na inawapata watu wa umri wa kulea watoto.

Ndiyo maana Uingereza mwongozo unasema wazi: figo zipimwe kabla ya kuanza, baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. Si jambo la kitaalamu la kutisha. Ni mililita chache za damu, na mashine ambayo hospitali ya wilaya inayo. Bei niliyolipia kipimo kile siku ya CT ilikuwa ndogo kuliko bei ya boksi moja la dawa yenyewe.

Nimesoma pia hoja ya upande mwingine na sitaificha. Wapo wataalamu wanaosema kwamba hakuna utafiti mkubwa uliothibitisha kuwa kupima kila mwaka kunazuia figo kufa, kwa sababu tatizo ni adimu na linaweza kujitokeza katikati ya kipimo na kipimo. Naiheshimu hoja hiyo. Ila niliyonayo mkononi ni namba mbili, 71 na 212, na katikati yake miaka mitano mitupu. Kreatinini yenyewe ni shahidi anayechelewa: figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla namba haijavuka mstari wa kawaida. Shahidi wa namna hiyo akiitwa kila mwaka tunaweza kumwona akibadilisha maneno, kutoka 71 kwenda 88, kwenda 104, na daktari akashtuka. Akiitwa baada ya miaka mitano anakuja na hukumu.

Waheshimiwa, sio kwamba nchi yetu haiwezi. Tayari tunafanya hivi kwa dawa nyingine. Baada ya mesalazini kuondolewa nilihamishiwa azathiopurini, dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili. Hiyo hawanipi mpaka nionyeshe jibu la picha kamili ya damu, kwa sababu inajulikana inaweza kushusha chembe nyeupe. Dirisha la dawa linaniuliza jibu, sina, narudi maabara. Sijawahi kulalamika. Kwenye kliniki za VVU nako, tenofovi, mojawapo ya dawa za VVU, inajulikana kwamba inaweza kuumiza figo, na kreatinini imeingizwa kwenye ratiba ya vipimo vya wateja. Kwa nini mesalazini ipite dirisha hilohilo bila kuulizwa?

Ninachoomba kifanyike kwenye dirisha la dawa, na nimelifikiria kwa undani kwa sababu ndipo mnyororo ulipokatika kwangu. Daktari ana wagonjwa sitini, atasahau. Mgonjwa hajui, hawezi kukumbusha. Lakini mfamasia anaishika karatasi kila mara. Ikiwa fomu ya dawa hii itakuwa na mstari mmoja wa tarehe ya kipimo cha mwisho cha figo na namba yake, na ikiwa mstari huo ukiwa mtupu mfamasia ana mamlaka ya kumrudisha mgonjwa maabara kwa upole, bila kumnyima dozi ya siku chache za kungojea jibu, basi kosa lililonipata mimi litakuwa gumu kutokea. Hospitali zinazotumia mifumo ya kompyuta zinaweza kuuweka mstari huo ndani ya mfumo, zile za makaratasi zichonge muhuri. Muhuri wa mpira tunachongesha hapa Morogoro kwa siku moja.

Na namba iandikwe kwenye daftari la mgonjwa, isibaki kwenye faili tu. Kama ningekuwa na 71 ile mkononi, mimi mwenyewe ningeuliza maswali.

Kuna suala la lugha. Ndani ya kila boksi nililofungua kwa miaka minne kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nane, maandishi madogo kama mbegu za mchicha, yote Kiingereza. Neno la figo lilikuwemo. Nimefundisha kwa Kiingereza maisha yangu yote ya kazi na bado sikukisoma, kwa sababu nilipokabidhiwa boksi niliamini aliyenikabidhi ameshakisoma kwa niaba yangu. Je, mama anayeuza mboga sokoni Mawenzi, aliyesoma hadi darasa la saba? Mamlaka ya dawa inaweza kumtaka mwagizaji aweke juu ya boksi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazoonekana, maneno yasiyozidi kumi na mbili: Pima figo kabla ya kuanza, baada ya miezi 3, na kila mwaka. Pakiti za sigara zinaonya kwa Kiswahili. Dawa ya hospitali nayo inastahili.

Nisisahau maduka ya dawa. Wenye ugonjwa huu mara nyingi tunaumwa viungo pia, magoti na kiuno, kwa kuwa kinga ileile inayouma utumbo huuma na maungio. Tunakwenda duka la mtaani, tunapewa diklofenaki, vidonge kumi au sindano, bila swali. Mimi nimeinunua si chini ya mara tano. Diklofenaki na ibuprofeni zinabana damu inayoingia kwenye figo, na zaidi ya hapo zinaweza kuuamsha ugonjwa wa utumbo wenyewe. Mtu anayemeza mesalazini hatakiwi kuzimeza kiholela. Binti wa dukani hakujua, wala hakuna aliyewahi kumfundisha. Kwenye mafunzo mnayowapa wauzaji wa maduka hayo, ongezeni swali moja: unatumia dawa gani nyingine kila siku?

Kuhusu taarifa. Nchi yetu ina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, na taarifa hizo huunganishwa na za dunia nzima kwenye kituo cha Uppsala, Uswidi, kinachofanya kazi na Shirika la Afya Duniani. Nilipotoka wodini niliuliza kama kisa changu kimeripotiwa. Watu wanne niliowauliza walitazamana. Fomu ilipatikana baadaye kwa msaada wa mfamasia mmoja aliyeipakua na kuichapisha kwa hela yake, tukaijaza wote wawili mezani kwake. Bila karatasi ile, mimi nisingekuwepo kwenye hesabu, na mtu akiuliza kesho kama mesalazini imewahi kuumiza figo ya Mtanzania angejibiwa kwamba hakuna taarifa. Naomba kila kliniki inayotoa dawa za muda mrefu iwe na fomu hizo juu ya meza, pembeni ya karatasi za maabara.

Kwenu wa bima neno langu ni fupi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na vitita, yaani mafungu ya huduma zinazolipiwa na bima, vimekuwa vikipangwa na kupangwa upya. Mnapoweka dawa kwenye kitita, wekeni na kipimo chake hapohapo, viwe kitu kimoja, ili pasiwe na mgonjwa anayepata dawa bure na kuambiwa kipimo alipie. Tunajivunia kwamba Muhimbili ilipandikiza figo Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018; kabla ya hapo watu walipelekwa India. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini mnajua kuliko mimi gharama ya kusafisha damu ya mtu mmoja kwa mwaka mmoja, na mnajua ni kreatinini ngapi zingepimwa kwa fedha hiyo.

Mume wangu alinishauri nisiandike. Alisema, mama Neema, umepona nusu, shukuru Mungu, usije ukaonekana unawashitaki watu waliokuokoa. Nimemsikiliza, ndiyo maana nimekaa na barua hii miezi mitano kwenye droo. Kilichonifanya niitoe ni safari ya kliniki ya wiki iliyopita.

Siku hizi nakwenda Dar kwa treni, nafika mapema. Pembeni yangu kwenye benchi alikaa kijana wa miaka kama ishirini na miwili, mwembamba, ameshika mfuko wa kaki wenye boksi lililo jipya kabisa. Nililitambua kabla sijasoma jina, kwa rangi yake tu. Nikamuuliza ameanza lini. Akasema ndiyo anaanza leo, na alikuwa anatabasamu, kwa sababu daktari amemwambia damu itakata na atarudi chuoni. Nikamwambia ni kweli, itakata, ilikata kwangu pia. Kisha nikamuuliza kama amepimwa figo.

"Figo? Hapana mama. Mimi naumwa utumbo."

Nilimwomba boksi, nikatoa kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikaandika juu yake tarehe ya siku ile, na chini yake tarehe ya miezi mitatu mbele. Nikamwonyesha mlango wa maabara na kumwambia arudi kwa daktari amwombe kipimo kabla hajameza kidonge cha kwanza. Alikwenda. Sijui jina lake na sikuchukua namba yake ya simu, na tangu siku hiyo nikilala namuona ameshika mfuko ule.

Siwezi kukaa kwenye kila benchi na kalamu nyekundu. Tarehe niliyomwandikia kijana yule inaangukia wiki ya pili ya muhula ujao. Naomba siku hiyo atakapofika dirishani na boksi lake, awepo mtu wa kumuuliza jibu la kreatinini, na awe anauliza kwa sababu nyinyi mmemwagiza.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa baiolojia,
Morogoro.